Fundi Mwinyijuma Hakubadilisha Injini Yake

Asalaam aleikum. Wazee wangu wa Marui, shikamooni. Ndugu mliotoka Janga, Mlandizi na Kibaha, poleni na njia, poleni na msiba. Mimi naitwa Badru Seif. Marehemu ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu mzazi, Bi Hajra, na ndiye aliyenifundisha kazi inayonilisha mpaka leo. Mama ameniagiza nisome haraka kwa sababu jua ni kali na watu wametoka mbali. Nitajitahidi, ingawa haraka yangu ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Karatasi mlizogawiwa zimechapwa asubuhi hii Mlandizi, kwa Twalibu mwenye duka la kopi. Twalibu alipofika katikati aliacha kuchapa akanigeukia. "Kaka Badru, na hii nayo niiweke?" Nikamwambia iweke. Akachapa mistari miwili, akasimama tena. "Kaka, hii itasomwa na watu wote." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo nia yenyewe. Akatikisa kichwa, akamaliza, akanipa karatasi bila kunitazama usoni.

Marehemu Mzee Mwinyijuma Adamu Pazi alizaliwa hapa hapa Marui, wilaya ya Kisarawe, mwaka 1952. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Adamu Pazi na marehemu Bi Sikuzani. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Alipokwenda kujiandikisha kitambulisho cha taifa, karani alitaka kumwekea tarehe mosi Januari, kama alivyowawekea wazee wote waliokuwa mbele yake kwenye foleni. Marehemu alikataa katakata. Alikaa kwenye benchi na simu sikioni, yeye na mama yangu wakakumbushana maneno ya bibi: ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga, siku ya Alhamisi, katikati ya mwezi. Hatimaye wakaipata, tarehe 12 Juni. Alimwambia karani kwamba hawezi kupewa tarehe ya watu wote wakati ya kwake ipo.

Alisoma madrasa hapa kijijini na kuhitimu darasa la saba mwaka 1967. Wazee waliosoma naye watakumbuka habari ya karabai ya madrasa. Ngozi ya pampu yake ilikwisha, taa ikawa haishiki upepo, na mwalimu akataka kutuma mtu Kisarawe akanunue nyingine mpya. Mwinyijuma akasema aachiwe siku moja. Alikata kipande cha ngozi kwenye mkanda wa baba yake, akakilowesha mafuta ya nazi, akakichonga hadi kikakaa. Karabai ikawaka miaka sita mfululizo. Babu, kwa upande wake, alipogundua, alimchapa kwa mkanda ule ule, sehemu iliyobaki. Marehemu alikuwa akisimulia kisa hiki huku anacheka hadi anashika mbavu, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba fimbo zile zilikuwa halali yake, maana mkanda haukuwa wake.

Mwaka 1969 alikwenda Dar es Salaam akapata kazi ya kufagia katika karakana ya magari ya serikali. Ufagio ulimchukua miezi saba tu. Fundi mmoja alimwona ameinama juu ya injini akizitaja nati kwa mpangilio wa kufunguliwa kwake, akamwomba awe msaidizi wake. Mwaka 1976 alifaulu majaribio ya ufundi daraja la kwanza. Kisha ikaja ile miaka ambayo wakubwa zangu mnaijua, spea hazipatikani nchini, gari linasimama mwezi mzima kwa sababu ya kidude kinachoenea kiganjani. Hapo ndipo marehemu alipopata jina. Alichonga, alichomelea, alijaza, alisaga, na gari likaondoka.

Mwaka 1988 serikali ilipiga mnada magari yake makuukuu, na marehemu akanunua Pijo 404 nyeupe, toleo la mwaka 1966, gari ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelihudumia kazini kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 1993 alipunguzwa kazi, akahamia Janga, wilaya ya Kibaha, nyumbani kwa wakwe zake, akafungua gereji yake ya wazi kando ya barabara pale Mlandizi. Alikaa hapo miaka thelathini. Kuna mtani wetu Mnyamwezi, Mama Bertha, aliyekuwa akiuza chakula pembeni. Kila siku alimpigia kelele, "Mzaramo gani wewe, ngoma inalia kule, wewe umelala chini ya gari!" Marehemu alimjibu akiwa huko huko chini, "Mlete mchezaji wenu huku anishikie spana."

Kwa ambao hamkuwahi kupeleka gari kwake, naomba niseme alivyofanya kazi, maana bila hilo hamtanielewa. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, kila kitu kilichoharibika alikiuliza swali moja: kimechoka au kimekufa? Kilichochoka alikitengeneza. Kilichokufa ndicho alichokutuma ukanunue. Wala hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Mpira wa breki ukiisha alikutuma dukani siku hiyo hiyo, alisema breki hazibembelezwi. Lakini kitu kilichotoka kiwandani na gari, kikalingana nalo, kikazeeka nalo, hakukubali kitupwe kwa uvivu wa fundi. La pili, chochote alichokitoa kwenye gari lako alikifunga kwenye karatasi akakukabidhi mkononi, hata kama ni boliti moja. Alitaka uone mwenyewe kwamba kweli kimekufa. Fundi asiyeonyesha alichokitoa, kwake yeye, alikuwa mwizi tu aliyevaa ovaroli.

Mwaka 1979 marehemu alifunga ndoa na Bi Mboni Zaidi wa Janga. Baba mkwe wake alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ndiyo iliyowakutanisha. Marehemu aliitwa kuitengeneza, ikapona, baada ya wiki ikasimama. Akaitwa tena, ikapona, ikasimama. Safari ya tatu mkwe akamwambia, "Kijana, wewe ama hujui kazi ama una jambo." Hiyo ndiyo kazi pekee maishani mwake aliyoifanya nusu nusu, na alikiri mbele ya mashahidi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Naila na Zaidi. Mimi nilikuja kuishi nao mwaka 1999 nilipomaliza kidato cha nne. Bi Mboni, ambaye namwita mama, hakuwahi kunipakulia chakula kidogo kuliko wanawe.

Nilifanya kazi chini ya mjomba miaka kumi na miwili. Alinifundisha kila alichokijua, nami nilijua, jamani, nisiseme leo kwamba sikujua. Mwaka 2011 niliondoka nikafungua duka langu la spea Kibaha, Maili Moja. Alinibariki. Tangu siku hiyo akawa ananitania, ananiita muuza maboksi. "Muuza maboksi, umeuza wangapi leo wenye vitu vilivyochoka tu?" Mimi nami nilimjibu kwamba dunia imebadilika, watu wana haraka, mteja wa leo hana siku tatu za kusubiri vavu ya injini isagwe hadi ikae sawa. Tulikuwa tunacheka. Ilikuwa mzaha wa mjomba na mpwa, haukuwa na kovu.

Jumatatu tarehe 8 Januari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa gerejini, akalazwa hospitali wiki sita. Siku hiyo Pijo lake lilikuwa limefunguliwa injini. Alikuwa amefika katikati ya kazi ambayo alishaifanya mara tatu tangu alinunue. Vipande vyote vya injini vilikuwa juu ya meza, vimepangwa kwenye gunia kwa utaratibu wake, kila kimoja kimefunikwa kitambaa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku kumi kwa mtu mwenye subira. Bi Mboni alinikabidhi funguo, akaniambia, "Baba Naila anasema wewe ndiye unayejua alipoishia." Ni kweli, nilijua.

Sasa nafika mahali ambapo Twalibu aliacha kuchapa.

Mimi nilitaka mjomba atoke hospitali akiwa kwenye gari lake. Nilitaka Mlandizi nzima ituone tukipita, watu waseme Badru amemtendea mjomba wake. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni, sifa. Nilianza kazi, siku ya pili nikachoka kusaga vavu. Dukani kwangu kulikuwa na injini ya Toyota iliyokaa miezi mitatu bila mnunuzi. Nikalivuta Pijo hadi Kibaha, nikaita vijana wawili, tukakata hapa, tukachomelea pale, siku nne gari likawa linawaka kwa funguo na halitoi hata moshi. Wote walionizunguka walinipongeza.

Injini ya mjomba ikabaki chini. Nikaitazama nikaona itaniumbua. Mjomba akirudi atauliza kilichotolewa, na akikiona atajua mara moja kwamba ilikuwa imechoka tu. Nikawaita watu wa chuma chakavu. Wakasema ile bloku, bonge la chuma linalobeba injini yenyewe, ni nzito, hawaibebi nzima, ivunjwe. Basi nikachukua nyundo kubwa mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikaipiga mpaka ikapasuka. Kisha nikaenda kumwambia Bi Mboni, na Naila, na Zaidi, na kila aliyeniuliza pale Mlandizi, kwamba nilipoendelea kuifungua injini nilikuta bloku imepasuka, hapakuwa na namna.

Wazee wangu, bloku haikuwa na ufa hata wa unywele. Ufa niliutia mimi.

Jumamosi tarehe 17 Februari 2024 nilikwenda kumchukua hospitali. Nilikuwa nimelipiga gari polishi, nimevaa shati jipya. Tulimsaidia kuingia kiti cha mbele, Bi Mboni akakaa nyuma. Nikawasha. Mjomba, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa bado haunyanyuki, aliinamisha kichwa kidogo akasikiliza. Tulitoka getini, tukaingia barabara kubwa, ndipo akasema, kwa upole kabisa, "Gari nzuri hii. Ya nani?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mjomba, si Pijo lako hili!" Na tulipofika Janga, mnajua nilifanya nini mimi mtu mzima? Nilimvuta Bi Mboni pembeni nikamwambia, mama, mzee bado hajakaa sawa kichwani, tumwombee. Nilimsingizia ugonjwa mtu ambaye alikuwa na akili kuliko sote tuliokuwa kwenye gari lile. Kwa wiki mbili mama wa watu akawa anamuuliza mumewe majina ya wanawe ili ajue kama anakumbuka. Alikuwa anayataja yote, moja moja, bila kukasirika.

Alipopata nguvu ya kukaa mwenyewe, aliniita. Aliniuliza jambo moja. "Kilichotolewa kiko wapi?" Nikasema, "Kimekwenda skrepa, Mjomba, kilipasuka." Akasema, "Haya." Sikuwahi kumsikia akisema neno lingine juu yake kwa mwaka mmoja na miezi minane.

Lakini watu walisema. Ndugu Shomari, mwenye ile Landrover ya kubebea mihogo, alikuwa mteja wake miaka ishirini. Mwaka mmoja kabla ya hapo marehemu alimzuia asibadilishe injini, akamtengenezea ile ile, ikakubali. Shomari aliposikia habari za Pijo alikuja gerejini mbele ya watu akasema, "Mzee, mimi ulininyima injini mpya, kumbe yako umeitupa kimyakimya, na huo ufa nani kauona!" Watu wakaangua kicheko. Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti, fimbo mapajani. Angeweza kuniumbua pale pale. Alijibu, "Mpwa wangu alipima akaona hivyo." Akainama akaendelea kumwelekeza kijana wake pa kufunga boliti. Simlaumu Shomari, hakujua. Wa kulaumiwa ni mimi, niliyekuwa Maili Moja nimekaa nyuma ya kaunta.

Kuanzia hapo wakambandika jina, Fundi Toyota. Mteja akiambiwa asubiri siku tatu alimjibu, "Hata wewe mwenyewe hukusubiri." Wakaanza kuja wakiwa tayari na maboksi mkononi, wanataka afunge tu. Na maboksi hayo, wallahi, mengine walikuwa wamenunua kwangu. Walikuja dukani wanacheka, wananiambia mjomba wako naye siku hizi ameelewa. Nami niliitikia. Nilikuwa nafunga bidhaa na kuitikia.

Pijo hakuliendesha tena. Aliliegesha ubavuni mwa nyumba pale Janga, na kila Ijumaa alilifuta vumbi, kwa adabu, kama gari aliloachiwa na mtu amtunzie. Zaidi alipomwomba walitumie kwenda harusini alimwambia amuulize Badru.

Mwezi wa tisa mwaka huu figo zake zilianza kushindwa. Madaktari walitueleza mapema, nasi tukamrudisha nyumbani. Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025 nilikwenda kumwona nikiwa nimeshindwa kulala wiki nzima, nikamkuta peke yake uani, amelazwa kitandani chini ya kivuli cha ukuta. Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu, kuanzia kusaga vavu hadi nyundo.

Akasema, "Nyundo sikuijua. Mengine nilijua toka hospitalini. Injini nimeishi nayo miaka thelathini na sita, nisiijue sauti yake?"

Nikamwomba radhi.

"Radhi yangu unayo. Umeshaipata, inuka, unajichafua suruali." Kisha akavuta pumzi, maana kuongea kulishaanza kumchosha. "Ila Badru, mimi hukuniharibia gari peke yake. Nimewaambia watu miaka hamsini kwamba kitu kilichochoka hakitupwi, na sasa wanasema nilikuwa nawadanganya. Hilo huwezi kulitengeneza hapa uani tukiwa wawili. Nenda gerejini siku ya Ijumaa, watu wakitoka kuswali wanakaa pale. Waambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nitawaambia, Mjomba."

"Shomari awepo."

"Atakuwepo."

"Haya. Nasubiri."

Ijumaa ya kwanza, tarehe 24 Oktoba, nilipokea mzigo dukani. Nilijiambia mzigo hauwezi kuachwa barabarani. Ijumaa ya pili nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda hadi gerejini, wenyewe mlikuwepo, mlinikaribisha. Shomari alikuwepo. Niliagiza soda, tukazungumza mpira, nikawanunulia na nyie soda, nikaaga nikaondoka. Mtakumbuka mlinisifu siku ile kwa ukarimu. Ijumaa ya tatu, tarehe 7 Novemba, nilizima simu nikabaki nyumbani nikasema naumwa kichwa.

Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi kasoro robo alasiri, Mzee Mwinyijuma Adamu Pazi alifariki dunia nyumbani kwake Janga, mkewe akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Wasifu huu ungeishia hapo pamoja na orodha ya wafiwa, nami ningeusoma nikakaa, aibu yangu nikaenda nayo nyumbani. Nilishauandika hivyo. Lakini jana usiku, baada ya kutoa taarifa kwa ndugu, Bi Mboni aliniita chumbani. Alikuwa analia kilio ambacho si cha msiba peke yake.

Aliniambia, "Badru, mimi nimemdanganya mume wangu akiwa kitandani."

Nikamuuliza amemdanganya nini.

"Siku uliyomwomba radhi alinieleza yote. Kila Ijumaa jioni alikuwa ananiuliza, Badru kasema? Ya kwanza nikamwambia bado. Ya pili nikamwambia bado. Ya tatu nilimwangalia alivyokonda, nikashindwa. Nikamwambia kasema. Akaniuliza, Shomari alikuwepo? Nikasema alikuwepo. Akaniuliza, alisemaje? Mwanangu, ningejibu nini mimi? Nikamwambia Shomari alisema, kumbe mzee wetu hakubadilisha. Akasema alhamdulillah. Akaomba uji. Siku nne hakuwa ameomba kitu chochote mdomoni."

Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Miaka arobaini na sita sikuwahi kumwongopea hata bei ya chumvi. Neno langu la mwisho la maana kwake limekuwa uongo. Na ni uongo wako, Badru. Umeniachia mimi niuseme."

Nilitoka mle chumbani nikaenda kuichana karatasi ya kwanza, na leo asubuhi nilikuwa wa kwanza kugonga mlango wa Twalibu. Mama yangu ameisoma hii mliyoishika. Aliniuliza kama sioni haya kujianika mbele ya ukoo na wageni. Nikamwambia naona haya, mama, naona haya sana, na niliona haya Ijumaa tatu, ndiyo maana tuko hapa.

Kwa hiyo ninyi nyote mliomwita Fundi Toyota, na ninyi mliorudi kwake na maboksi, nawatangazia. Fundi Mwinyijuma hakubadilisha injini yake. Injini ya Pijo lake ilikuwa nzima, ilikuwa imechoka tu, na alikuwa anaitengeneza kwa mikono yake mpaka asubuhi aliyoanguka. Aliyeitoa ni mimi. Aliyeivunja ni mimi. Aliyeisingizia ufa, na kumsingizia mwenyewe wazimu, ni mimi, na yeye alijua yote akanifichia kwa mwaka mmoja na miezi minane, akakubali kuchekwa ili nisichekwe. Alichowaambia miaka yote ndicho alichokifanya mwenyewe. Landrover ya Shomari inatembea hadi leo kwa sababu hiyo.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mboni Zaidi, watoto wawili, Naila na Zaidi, wajukuu watano, dada yake, Bi Hajra, na mpwa mmoja ambaye ndiye huyu anayesoma.

Muda si mrefu sheikh atatuuliza tunamshuhudia vipi marehemu, nasi tutajibu sote kwamba alikuwa mtu mwema. Hilo najua mtalijibu bila mimi kuwaomba. Kabla ya hapo nina ombi lingine, na ni dogo. Ndugu Shomari, nakuona umesimama pale nyuma karibu na ukuta, kofia mkononi. Bi Mboni alikutia maneno mdomoni bila ruhusa yako, na mjomba wangu ameondoka nayo akiamini ni yako. Kama baada ya kunisikia leo unaona ni ya kweli, nakuomba uyaseme, kwa sauti, ili mama aliyekaa eda mle ndani ayasikie kupitia dirishani na asibaki na uongo ambao mimi ndiye niliyepaswa kuubeba. Kama una la kuniambia mimi, nitakuwepo baada ya maziko, sikimbii tena.

Mola amsamehe mja wake Mwinyijuma, ampanulie kaburi lake, ampe raha ambayo sisi tuliobaki tulimnyima. Amin.

Ndugu Shomari, tunakusikiliza. Jeneza litanyanyuliwa ukishasema.